Vaa Kivuli

Kila asubuhi saa moja na dakika ishirini, kabla king'ora hakijalia, mshona kola wa mstari wa tatu alijaza maji kwenye beseni la plastiki, akalisukuma chini ya cherehani yake, akavua kiatu cha kushoto na kutumbukiza mguu. Mguu wa kulia aliuacha mkavu, maana huo ndio wa kukanyagia pedali. Kisha alivuta fungu la kwanza la kola, akapuliza vumbi la nyuzi kwenye sindano, akaanza.

Hadi saa tatu maji yalikuwa vuguvugu. Saa nne, watu wa maofisini walipotoka kwenda kunywa chai, yalianza kutoa mvuke. Saa sita mchana yalichemka. Mshona kola alinyanyua mguu, akayamwaga kwenye mfereji wa ukutani, akajaza mengine. Hakuna aliyegeuza shingo. Kila mtu alikuwa na kola zake, mikono yake au vifungo vyake, na Mama Saa alikuwa anapita.

Mama Saa alikuwa msimamizi wa ukumbi. Jina hilo alipewa kwa sababu alivaa saa mbili, moja kila mkono, na hazikuwahi kukubaliana. Ya kushoto ilikuwa mbele kwa dakika kumi, ndiyo aliyoifungulia kazi. Ya kulia ilikuwa nyuma kwa dakika kumi, ndiyo aliyoifungia.

Kiwanda kilishona mashati ya kupoza mwili. Kitambaa chake kilikuwa chepesi kama ganda la kitunguu, na mtu akikivaa juani saa nane mchana alijisikia kama ameegemea ukuta mnene wenye unyevu. Kwenye mabango ya barabarani mwanamume mwenye meno mazuri alitembea katikati ya lami inayoyeyuka, mikono mfukoni, na chini yake paliandikwa: Vaa Kivuli.

Aliyekibuni kitambaa hicho alikuwa mtaalamu wa nyuzi, mwanamume mpole aliyependa kueleza mambo hata kwa mtu asiyemuuliza. Siku ya kwanza ya kazi aliwakusanya wanawake wote mbele ya ubao.

"Joto halipotei," alisema. "Ukiliondoa kwa huyu, lazima liende kwa yule. Tumejaribu liende ardhini, limekataa. Tumejaribu liende majini, limekataa. Joto la mtu linataka mtu. Na tumegundua linakwenda kwa yule aliyefunga kola, kwa sababu kola ndiyo mlango wa shati. Kuna swali?"

Mwanamke wa vifungo aliuliza kama mapumziko ya chai yatabaki palepale. Mtaalamu alisema yatabaki. Hakukuwa na swali jingine.

Mshona kola alikuwa na mtoto wa miezi mitatu wakati huo, na mume dereva wa lori aliyekuja nyumbani kama mgeni. Kazi aliihitaji. Alipewa namba thelathini na moja, ikachapishwa kwenye lebo ya kila shati alilolifunga, na kuanzia siku hiyo kila shati lililovaliwa lilimletea joto la mvaaji wake.

Baada ya mwezi alianza kuwajua. Joto la mtu anayekimbilia basi liliingia kwa vishindo kupitia nyayo. Joto la mlevi lilikuja na kizunguzungu. Joto la mwenye homa lilikaa mgongoni kama mtu aliyepanda bila kukaribishwa. Na joto la mtu anayesema uongo liliingia masikioni, ghafla, likawaka na kuzimika. Kulikuwa na bwana mmoja mahali fulani aliyemdanganya mtu kila siku ya kazi saa tano kamili. Hakuwahi kumwona wala hakujua ni mrefu au mfupi, lakini alimpa jina la Masikio na kumchukia kwa dhati, kama mtu anavyomchukia jirani wa ukuta mmoja.

Aliwachukia wote, kwa kweli. Aliwachukia wapanda ngazi na wacheza muziki. Alimchukia bwana harusi mmoja aliyefunga ndoa Jumamosi ya mwezi wa pili na kumtia malengelenge kwenye vidole viwili. Mkurugenzi wa kiwanda naye alivaa namba thelathini na moja. Joto lake lilikuwa dogo na la kudumu, kama linalotoka nyuma ya jokofu, na lilipanda mara moja tu, siku wanawake walipoandika barua kuomba madirisha yafunguliwe. Madirisha hayakufunguliwa. Vumbi la nje lingechafua kitambaa, na feni ingerusha nyuzi.

Alijaribu kujiokoa, asije mtu akasema alikaa tu kama gunia. Siku moja alivaa shati alilolifunga mwenyewe. Joto likamtoka, likazunguka, likamrudia. Siku nyingine, wakati wa chakula, alivaa shati lililofungwa na mshona kola wa mstari wa nne. Alipoa kwa dakika tatu, akasikia kishindo. Yule wa mstari wa nne alikuwa ameanguka kifudifudi juu ya cherehani yake, sindano imempita ukucha wa kidole gumba. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Wakikutana chooni, mmoja alitazama ukuta na mwingine akatazama ndoo.

Wenzake walimwita Pasi. Jina lilianza kama utani, pale mwanamke wa vifungo alipomwekea shati lililokunjamana mapajani, akasema, "Hebu pitisha kiganja hapo, dada, nina haraka." Shati likanyooka kuliko la dukani. Mama Saa alilitazama, akatazama saa zake zote mbili, na wiki iliyofuata wapiga pasi wawili waliachishwa kazi. Umeme uliookolewa ulitajwa kwenye mkutano na kupigiwa makofi. Kuanzia hapo Pasi alifunga kola hadi saa nane, na kutoka saa nane hadi jioni alinyoosha mashati kwa mikono.

Mmoja wa wale wapiga pasi alimsubiri getini.

"Umenitoa kazini kwa viganja vyako," alisema.

"Sikuviomba."

"Hukuviomba lakini umevitumia." Akatema mate. Mate yalimpata Pasi kwenye mkono na kukauka papo hapo, kwa mlio.

Nyumbani aliishi na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke aliyekuwa na ulimi wa wembe na mikono ya baridi. Wifi ndiye aliyelea mtoto mchana kutwa, na hakuacha mtu asahau. Utaratibu wao ulikuwa mmoja kila jioni. Pasi alirudi, akaoga, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, akanyoosha mkono. Wifi alimpa mshumaa mzima, mweupe, aushike huku yeye akihesabu hadi mia. Mshumaa ukilegea, mtoto alibaki kwa wifi. Mshumaa ukibaki mgumu, mtoto alihama.

"Arobaini na moja," wifi alihesabu, taratibu, akimbembeleza mtoto begani. "Arobaini na mbili. Wateja wako leo hawavui mashati? Arobaini na mbili."

"Umeshasema arobaini na mbili."

"Nimerudia ili tusikosee. Kwani mtoto huyu wa kuchezea?"

Wifi alikuwa na haki ya kusema hivyo na wote wawili walijua. Mwezi wa tatu wa kazi, kabla ya mshumaa, Pasi alirudi akiwa na hamu, akajiona amepoa, akamnyanyua mtoto. Mahali fulani mtu alikuwa bado anakimbia. Kwenye paja la kushoto la mtoto pakabaki alama nne za vidole, nyekundu kwanza, kisha za kahawia, na hizo hazikuondoka.

Kwa kawaida mshumaa ulikuwa mgumu kufika saa mbili na nusu usiku. Watu walikuwa wamerudi makwao, wamevua mashati, wameyatundika. Kuanzia hapo hadi alfajiri, mtoto alikuwa wake. Alimnyonyesha, akamlaza kifuani, akamnusa utosi. Saa kumi na mbili asubuhi wenye mashati walianza kuvaa, mmoja mmoja, naye akampa wifi mtoto na kwenda kazini. Saa hizo za giza ndizo alizokuwa nazo. Nyingine zote zilikuwa za watu.

Mtoto alipofika miezi minane alianza kusema. Neno la kwanza lilikuwa mama, nalo alimwambia wifi.

Wiki hiyohiyo Mama Saa alisimama juu ya kiti na kutangaza bidhaa mpya. Ilikuwa nguo ya kulalia, ya kitambaa kilekile, rangi ya bluu mpauko. Ingeitwa Lala Kivulini. Nguo ya kulalia haina haja ya kola, lakini hii ilikuwa nayo, kwa sababu lazima pawe na mtu wa kupokea.

Pasi alimfuata Mama Saa hadi mlango wa stoo.

"Mama, naomba mimi nibaki kwenye mashati ya mchana tu."

"Kwa nini?"

"Usiku ndio namshika mwanangu."

"Ana miezi mingapi?"

"Minane."

"Basi umekaribia kumaliza." Mama Saa alitazama saa ya kushoto, kisha ya kulia. "Wa tisa ataanza kutambaa. Mtoto akishatambaa hataki kushikwa. Wangu nimewalea watano, nawajua."

"Na mwezi huu?"

"Mwezi huu tutakupa beseni la pili, la kupeleka nyumbani. Lina mfuniko."

Alikwenda kwa mtaalamu wa nyuzi. Mtaalamu alimkaribisha kiti cha chuma, akamwonea huruma kwa sauti nzuri.

"Nakuelewa kabisa," alisema. "Lakini unajua, joto..."

"Halipotei."

"Umekumbuka!" Mtaalamu alifurahi kweli. "Wengi hawakumbuki."

Siku hiyo alikuwa amejimwagia wino kifuani. Kwenye kona palikuwa na kreti la mashati yaliyokataliwa na mkaguzi. Alichukua moja, akalivaa huku akiendelea kueleza kwa nini ardhi ilikataa. Alipofunga kifungo cha juu, Pasi alihisi baridi, kitu ambacho hakuwa amekihisi mchana kwa miezi mitano. Vinyweleo vilimsimama. Meno yakagongana. Akakunja mikono kifuani kama mtu aliyenyeshewa.

Mtaalamu naye alianza kutoka jasho. Alisema lazima ni homa, watoto wake walikuwa nayo, akavua shati, akalirusha kwenye kreti na kwenda nyumbani mapema. Joto likarudi kwa Pasi kama ng'ombe anayejua zizi lake.

Alibaki peke yake chumbani. Alilitoa lile shati na kulikagua. Lebo ilisema thelathini na moja. Kitambaa cha Kivuli kilikuwa na upande wa kung'aa, unaotakiwa kugusa ngozi, na upande mfifu, unaotakiwa kutazama nje, ambao mkataji aliutia alama ya msalaba kwa chaki ili mshonaji asichanganye. Kola ya shati lile ilikuwa imeshonwa upande mfifu ndani. Alikumbuka ni ya lini. Alikuwa ameishona asubuhi ile baada ya mtoto kuungua, macho yake yamevimba, haoni chaki wala msalaba.

Alilirudisha kwenye kreti, akalikunja vizuri, akaenda kumalizia kola zake.

Nguo za kulalia mia nne za kwanza alizifunga sawasawa, moja baada ya nyingine, maana Mama Saa alikuwa amevuta kiti na kukaa pembeni yake. Zikapelekwa stoo kusubiri uzinduzi. Ndipo ikaja ya mia nne na moja. Hiyo ilikuwa ya mkurugenzi mwenyewe. Alikuwa ameamua kupanda jukwaani akiwa ameivaa, mbele ya wageni na wapiga picha, kwa sababu kuna mtu alimwambia itapendeza. Nguo ya mkurugenzi haikupita mstarini. Ilishonwa yote na mtu mmoja, ili akosaye ajulikane.

"Ukipindisha mshono hata uzi mmoja, mimi na wewe," Mama Saa alisema, akimkabidhi vipande.

"Haupindi," Pasi alisema.

Na haukupinda. Mama Saa alikuwa amekwenda kugombana na wenye hema la uzinduzi, kiti chake kitupu. Pasi alifuta msalaba wa chaki kwa kidole gumba, kipande kwa kipande, akashona upande mfifu ndani, mikono, mgongo, kifua, na mwisho kola. Alishona polepole, mishono midogo kama ya nguo ya harusi. Mkaguzi alikuja na rula, akapima mshono, akaridhika. Upande haukuwa na rula.

Uzinduzi ulifanyika Ijumaa, uani pa kiwanda. Wageni waliwekwa chini ya hema, wafanyakazi nje yake. Familia za wafanyakazi zilialikwa ili uwanja uonekane umejaa, na kila aliyefika alipewa soda na kofia ya karatasi. Wifi alikuja kwa ajili ya soda. Alimvalisha mtoto kofia.

Saa tano kasoro dakika tano, mkurugenzi alitokea akiwa na nguo ya kulalia ya bluu na kandambili zake za nyumbani. Wageni walicheka walipotakiwa kucheka. Alipanda jukwaani, akaweka kurasa kumi na moja za hotuba mbele yake, akatabasamu kwa wapiga picha na kufunga kifungo cha juu.

Joto lilimtoka Pasi kuanzia kisigino, likapanda taratibu kama nywele zinazochanwa na mtu mwenye subira, likatoka utosini. Alisimama juani bila kivuli chochote akiwa amepoa kama mtungi. Hakungoja. Alipenya katikati ya watu hadi alipo wifi.

"Nipe."

"Mchana huu? Umerukwa na akili?"

"Nipe mshumaa basi."

Wifi alikuwa nao mkobani. Hakutembea bila huo. Pasi aliushika. Wifi akaanza kuhesabu, akimtazama usoni, kisha mkononi, kisha usoni. Mshumaa ulikuwa mgumu kama mfupa. Kwenye sitini wifi aliacha kuhesabu. Alimtoa mtoto begani na kumkabidhi kwa mama yake, mchana, saa tano kamili.

Jukwaani, masikio ya mkurugenzi yaliwaka ghafla yakawa mekundu, kisha yakazimika. Pasi hakuwa na haja ya kuuliza ni nani: ilikuwa saa ya Masikio.

"Joto?" mkurugenzi alikuwa anasema kwenye kipaza sauti. "Mimi joto silijui! Muulizeni mke wangu!"

Wageni walicheka.

Mtoto kwanza alimtazama mama yake kama mtu asiyemjua. Akageuka kumtafuta wifi, akalia kidogo, akanyamaza. Kisha alimshika pua. Pasi alimshikilia kwenye mwanga na kumkagua kama mtu anayekagua kitu alichokinunua gizani. Macho aliyodhani ni meusi yalikuwa ya kahawia. Kwenye sikio palikuwa na manyoya laini, na jua lilipita ndani ya sikio hilo likaonyesha mshipa mmoja mdogo, mwekundu, unaopiga. Alama nne za pajani zilikuwa ndefu kuliko alivyodhani. Alizifunika kwa vidole vyake vinne, zikaenea.

Kwenye ukurasa wa tatu, glasi ya maji mbele ya mkurugenzi ilianza kuchemka. Kwenye ukurasa wa nne kandambili zake zililegea na kushikana na mbao za jukwaa. Mama Saa alimpungia kwa mkono wa saa ya kulia, afungue kifungo, lakini kila ukurasa ulisema vazi linapoza, kamera zilikuwa nne, na mkurugenzi hakuwa mtu wa kujikanusha. Aliendelea. Jasho lilimtoka, likakauka, likamwachia chumvi kwenye nyusi. Kwenye ukurasa wa saba sponji la kipaza sauti liliyeyuka, likadondoka kama uji mzito. Aliendelea kwa sauti yake mwenyewe.

Hakuna mfanyakazi aliyewahi kuombea hotuba ya mkurugenzi iwe ndefu. Pasi aliiombea. Alizunguka na mtoto uani, akamwonyesha gari, akamwonyesha paka wa mlinzi, akamwonyesha kivuli chao wawili chini. Mtoto alikipiga teke. Mahali fulani watu elfu saba walikuwa wanapanda ngazi, wanabeba mizigo, wanabishana bei, na wote walimpita yeye pembeni na kwenda kwa mwenye hotuba.

Kwenye ukurasa wa tisa mkurugenzi alianguka. Mama Saa alipanda jukwaani mbio, akachomoa kiunoni mkasi mkubwa wa kukatia kitambaa. Pasi alikuwa anautazama mkasi huo tangu mwanzo. Ulipoinuliwa, alimbusu mtoto pajani na kumrudisha kwa wifi. Kola ikakatwa. Joto likarudi.

"Shingo ulimshika vibaya," wifi alisema, akimpangusa mtoto. Lakini soda yake alikuwa hajaigusa.

Zilikuwa dakika arobaini na mbili. Gazeti la kesho yake liliandika kwamba mkurugenzi alihutubia kwa hisia kali hadi nguvu zikamwishia.

Jumanne Pasi aliitwa ofisini. Palikuwa na kiyoyozi, meza ndefu na mashati manne ya Kivuli, yote thelathini na moja. Mkurugenzi alikuwa amefungwa bendeji shingoni, na shati alilifunga juu ya bendeji. Mama Saa alikaa kulia kwake, mtaalamu wa nyuzi kushoto, na karani mwishoni akiwa na faili. Walipoa wote wanne. Pasi alisimama karibu na mlango, miguu mikavu, akipokea.

Hawakumgombeza. Mtaalamu alimshukuru hata, maana alikuwa ameonyesha kasoro: chaki inafutika. Kuanzia Jumatatu upande mfifu ulikuwa unapigwa muhuri wa wino, na ameajiriwa mkaguzi wa pande. Ni yule mpiga pasi aliyetema mate getini. Anafanya kazi nzuri sana, mtaalamu alisema, hapitwi na kitu.

Karani alisukuma karatasi mezani. Ilikuwa barua iliyokwisha kuandikwa, ya kuomba radhi. Ilisema mimi mwenye namba thelathini na moja nilichanganya upande kwa uzembe. Angeitia sahihi, na saa nne ingesomwa na yeye mwenyewe kwenye kipaza sauti cha ukumbi.

"Sikuchanganya," Pasi alisema.

"Tunajua," Mama Saa alisema. "Andika ulichanganya."

"Na nisipoandika?"

"Utafukuzwa."

"Na mashati?"

Mtaalamu alikohoa. "Mashati yatabaki yako. Kola ukishaifunga umeifunga. Mpaka yachakae."

"Yanachakaa baada ya muda gani?"

"Tumeyapa dhamana ya miaka kumi," mtaalamu alisema, na hakuweza kuificha fahari yake.

Mkurugenzi aliinua mkono. Alizungumza kwa kunong'ona, sababu ya shingo, na alizungumza kama baba.

"Sikiliza, binti. Nimeambiwa una mtoto. Mimi si mnyama. Zile nguo za kulalia mia nne zenye namba yako ziko stoo. Hazijatoka. Omba radhi, ukiomba zitabaki stoo, usiku utabaki wako. Neno moja tu. Unasemaje?"

Masikio ya Pasi yaliwaka, yote mawili, yakazimika.

Hakuyahitaji hata hayo. Jana jioni alikuwa amekaa kwenye kigoda na kunyoosha mkono. Wifi alihesabu hadi thelathini, na mshumaa ukainama kama shina lililokatwa mizizi. Walingoja hadi saa nne, wakauwasha mwingine kwa ajili ya mwanga, wakajaribu wa tatu. Watu walikuwa wameingia vitandani. Joto lao halikuwa la kukimbia wala la kubisha. Lilikuwa zito na la kulala, la watu wanaogeuka upande wa pili na kuvuta pumzi ndefu, na lilikuwa la watu mia nne kamili, hakuna aliyekosekana. Wifi alimlaza mtoto kwenye mkeka upande wake wa chumba.

Pasi alisogea mezani. Aliweka kiganja juu ya barua, akakituliza hapo kidogo, akakiondoa. Kwenye karatasi pakabaki mkono wa kahawia wenye vidole vitano, na katikati tundu linalofuka moshi.

Karani alilitazama tundu, akafungua faili, akatoa nakala nyingine. Alikuwa nazo sita. Aliiweka mahali palepale na kuinyoosha kwa ukingo wa rula.

"Hasira hazitakusaidia," Mama Saa alisema. "Sema tu."

"Zimetoka jana," Pasi alisema. "Mia nne. Mwanamke mmoja anakoroma. Wewe, Mama, umelala na moja usiku kucha, umeota vibaya kabla ya alfajiri, ulipoamka ulikuwa na kiu."

Mama Saa alitazama saa ya kushoto, kisha ya kulia. Mtaalamu aliandika kitu kwenye daftari lake. Mkurugenzi aligusa bendeji, akatazama ukutani, saa nne ilikuwa imekaribia, na kipaza sauti cha ukumbi kilikuwa tayari kinakoroma kikimsubiri mtu.

"Kwa hiyo?" alinong'ona. "Unaomba au huombi?"

"Dakika arobaini na mbili nimemshika mwanangu mchana," Pasi alisema. "Macho yake ni ya kahawia. Siombi radhi."

Karani alikuwa tayari anatoa nakala ya tatu.

"Toa zote," Pasi alimwambia. "Siombi."